Karakana za zamani zipigwe picha, lakini wazee wawepo kueleza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika toleo lililopita, aliwalaumu vijana wanaozunguka na kamera kwenye karakana zilizofungwa, kwenye mabehewa yaliyoota majani na chini ya dohani yetu kubwa ya tanuri la shaba, akisema kwamba wanautangazia ulimwengu aibu ya Lubumbashi. Nimeisoma barua yake mara mbili. Mara ya kwanza ilinikasirisha. Mara ya pili niliona kwamba nusu ya maneno yake ni ya kweli, ingawa si nusu aliyoitilia mkazo. Mimi ni mpiga picha. Nilikuwa na studio ndogo mtaani Kamalondo kwa zaidi ya miaka 30, nikiishi kwa picha za vitambulisho, za ndoa na za ubatizo, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mchochea moto wa Njanja, kama wazee wetu walivyoiita kampuni ya reli. Kwa hiyo mambo haya mawili, picha na gari la moshi, yamenilea kwa pamoja, na ninaona si vema ninyamaze.

Nianze na neno lenyewe, aibu. Reli iliyotokea Cape, ikapita Bulawayo na daraja la maporomoko ya Victoria lililofunguliwa mwaka 1905, ilifika mpakani mwetu karibu na Sakania mwishoni mwa mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikaingia Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mji ambao wakati huo ulikuwa ndiyo kwanza unapimwa viwanja vichakani. Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ilimiminwa kwenye tanuri la Lubumbashi. Makaa ya kuyeyushia yalikuja kwa reli hiyo hiyo, na makaa ya mgodi wa Wankie, katika Zimbabwe ya leo, ndiyo aliyoyapiga koleo marehemu baba yangu, hata mikono yake haikupata kutakata kabisa, si Jumapili wala siku ya harusi yangu. Mwaka 1952, kati ya Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Tenke, treni zilianza kuvutwa kwa umeme wa volti zaidi ya 20,000, mfumo ambao wakati huo ulikuwa umejaribiwa mahali pachache sana duniani na ambao leo unatumika katika nchi nyingi tajiri. Mji uliozaliwa na reli na tanuri hauwezi kuona haya kwa reli na tanuri, kama vile mtu asivyoona haya kwa kitovu chake. Hali mbaya ya majengo hayo inaweza kutuudhi, nami inaniudhi, lakini kamera haikuyatoboa mapaa wala haikung'oa madirisha.

Hata hivyo nilisema msomaji yule ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo nitaieleza kwa kisa cha nyumbani. Nilipokuwa kijana, nikijifunza kazi, nilipata kalenda ya kigeni yenye picha ya kichwa cha treni cha mvuke kikipanda mlima, juu yake moshi mweusi mzito umejikunja kama wingu la mvua ya Novemba. Niliiona kuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, nikaibandika ukutani, nikamwita baba aje aione. Baba aliitazama kwa muda mrefu, akacheka hadi akakohoa, akaniuliza kama mchochea moto wa treni ile alikuwa amelewa. Ndipo akanieleza kwamba moshi mweusi ni makaa yanayopotea bila kuungua: ama moto umejazwa kupita kiasi, ama hewa haitoshi, na fundi mzuri hutupia makaa machache machache, akiyatandaza kwenye tanuri, ili juu ya bomba paonekane moshi mwepesi tu wa kijivu. Mchochea moto aliyepita stesheni na moshi wa namna ile alikuwa akiitwa na mkubwa wake. Baadaye nilikuja kujua kwamba kule ambako treni za mvuke hutembezwa kwa ajili ya watalii, wapiga picha huwaomba wafanyakazi watoe moshi mweusi makusudi, kwa kuwa unapendeza kwenye picha. Uzuri wa mpiga picha ulikuwa kosa la mfanyakazi, na hakuna ambaye angejua hivyo kwa kuitazama picha peke yake.

Hapo ndipo ninapokubaliana na msomaji mwenzangu. Picha nyingi za majengo ya kazi zinazosambazwa siku hizi ni bubu. Zinaonyesha kutu, kuta zilizochubuka, mwanga wa jioni unaopenya kwenye paa lililovunjika, na chini yake limeandikwa neno moja tu, gofu, au halikuandikwa lolote. Mwaka jana kijana mmoja, jirani yangu, mtoto mwenye jicho zuri kuliko langu nilipokuwa na umri wake, alinionyesha picha ya shimo la duara lenye kuta za saruji, limejaa maji ya mvua na majani, naye alikuwa ameliita bwawa la kuogelea la wazungu. Nilimchukua hadi kwa mzee mmoja wa Njanja ambaye bado ana kumbukumbu nzuri kuliko miguu yake. Mzee aliiangalia picha kwa sekunde chache tu. Alisema hilo ni shimo la meza ya kugeuzia vichwa vya treni, kwa kuwa kichwa cha mvuke kina mbele na nyuma na hakipendi kurudi kinyumenyume safari nzima; akaeleza jinsi dereva alivyopaswa kukisimamisha katikati kabisa, mizani ikae sawa, kwa sababu kikisimama sawa watu wawili wanaisukuma meza kwa mikono pamoja na chuma chote kile, na kikizidi mbele kidogo hata watu kumi hawaisogezi. Kijana aliandika yote. Picha ni ile ile, maji ni yale yale na majani ni yale yale, lakini sasa ukiitazama unawaona wale watu wawili.

Niruhusu, Bwana Mhariri, nitoke kidogo nje ya nchi, kwa sababu msomaji wetu aliandika kwamba watu waliostaarabika hawapigi picha vitu vilivyochakaa. Huko Ujerumani, kuanzia mwaka 1959, mume na mke walioitwa Bernd na Hilla Becher walitumia maisha yao kupiga picha minara ya maji, tanuri za chuma, minara ya migodi na matangi ya gesi, wakijua kwamba vitu hivyo vingebomolewa kimoja baada ya kingine. Walitumia kamera kubwa ya kusimamishwa, wakangojea siku za mawingu ili pasiwe na kivuli, wakasimama mbele ya kila mnara kwa namna moja, na mwishoni wakazipanga picha pamoja ili mtu aone ndugu kwa ndugu. Mwaka 1990 walipewa tuzo kuu ya Venice, tena katika fani ya uchongaji, kana kwamba minara ile ni sanamu. Ninawaheshimu sana, na mpiga picha yeyote anayetaka kujifunza subira na awatazame. Lakini nikiwa mtoto wa mchochea moto ninakosa kitu katika kazi yao: ndani ya picha zile karibu hamna mtu. Ninampenda zaidi Mmarekani aliyeitwa O. Winston Link, ambaye kuanzia mwaka 1955 hadi 1960 aliifuata reli ya Norfolk and Western, iliyokuwa miongoni mwa za mwisho kubwa za mvuke katika nchi yake. Alipiga usiku. Alifunga makumi ya balbu za flashi kwenye nyaya ndefu, akaziwasha zote kwa nukta moja treni ilipopita, na mvuke ukang'aa mweupe dhidi ya giza. Pamoja na treni waliingia watu: walinzi wa ishara, watoto wanaoogelea mtoni, familia iliyokaa sebuleni huku treni ikipita dirishani. Alirekodi hata sauti. Leo picha zake zina makumbusho yake mjini Roanoke, ndani ya jengo la stesheni ya zamani ya reli ile ile.

Na Ubelgiji, ambao mafundi wake waliyajenga mengi ya majengo tunayoyazungumzia hapa? Mwaka 2012 migodi yake 4 ya makaa katika eneo la Wallonia iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mmojawapo ukiwa Bois du Cazier, ambako moto wa tarehe 8 Agosti 1956 uliwaua wachimbaji 262. Wabelgiji hawakusema mgodi ule ni aibu ufukiwe. Nchi yetu ina maeneo 5 kwenye orodha hiyo, nayo yote ni mbuga na misitu. Nawapenda okapi na sokwe, lakini hawakuyeyusha shaba.

Hapa kwetu pia hatuanzi sifuri. Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huu, alijulikana mbali kwa picha alizotengeneza kwa kuwachukua wafanyakazi kutoka picha za kale za kampuni na kuwaweka mbele ya mitambo iliyokufa ya leo, na tangu mwaka 2008 chama cha Picha kimekuwa kikituletea maonyesho makubwa ya sanaa hapa Lubumbashi. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wamewasikiliza wafanyakazi na familia zao kwa miaka mingi katika mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi. Kwa hiyo sauti zimekusanywa, na picha zinapigwa. Kinachokosekana ni daraja kati ya hizo mbili, yaani kijana mwenye kamera hajui mlango wa mzee, na mzee anayejua kila bolti hajawahi kuonyeshwa picha.

Nitatoa mfano mmoja mzito. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waliogoma kudai mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Lubumbashi, na askari wakawapiga risasi. Wachoraji wetu wa mitaani wamelichora tukio hilo mara nyingi, dohani na kilima cheusi cha mabaki ya tanuri vikiwa nyuma, nasi tumezitundika kazi zao sebuleni. Lakini upige picha uwanja huo leo, hata kwa kamera ya bei kubwa: utapata ardhi na anga. Bila maneno chini yake, hakuna picha ya mwaka 1941. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba picha inajitosheleza, hoja ambayo hata wapiga picha wenzangu huipenda kwa sababu inawaepusha na kazi ya kuandika.

Sasa niseme juu ya wanaotuzuia, maana barua ya msomaji yule iliwasifu. Miaka michache iliyopita nilisimama kwenye barabara ya hadhara nikipiga picha ya lango la karakana moja ya zamani, ambayo sitaitaja. Mlinzi alitoka, akanyang'anya kamera, akaniuliza ninatumwa na nani, na baada ya saa mbili za maneno, na kiasi fulani cha fedha ambacho hakikuandikiwa risiti, nilirudishiwa kamera ikiwa imefutwa kila kitu, pamoja na picha za ubatizo wa mtoto wa watu niliyekuwa nimempiga picha asubuhi ile. Ubatizo haurudiwi. Simlaumu sana mlinzi: mtu aliyewekwa langoni bila maandishi yoyote ya kumwongoza ataona salama zaidi kukataa, kwani akikubali na pakatokea neno, kazi yake imekwisha. Ninachoomba kwa wakubwa wa majengo haya, yawe ya reli au ya madini, ni karatasi moja inayosema wazi mahali panapokatazwa kwa sababu za usalama, mahali panaporuhusiwa, siku gani na kwa malipo gani kama yapo, na karatasi hiyo iwe mkononi mwa mlinzi. Anayetaka kupiga picha aahidi kwa upande wake kuacha nakala kwa mwenye jengo. Wenye viwanda wengi hawana picha hata moja ya mitambo yao, na siku wanapotaka kurekebisha kitu huanza kuulizana bomba lilipita wapi.

Jambo hili lina haraka kwa sababu vyuma chakavu vina soko. Kitu cha kwanza kung'olewa kwenye kichwa cha treni au kwenye mashine ni kibao cha shaba nyeupe chenye jina la kiwanda, namba na mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa ni chepesi na kinauzika. Na kibao kikiondoka, mashine imepoteza cheti chake cha kuzaliwa. Kijana mwenye simu akipita na aanze na kibao, kabla ya kutafuta jua la jioni. Hata kilima chetu cha mabaki, kile cheusi ambacho kila bibi harusi anataka kuonekana mbele yake, kimekuwa kikichotwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani, na anayetaka kujua kilikuwa kikubwa kiasi gani hana budi kutegemea picha zenye tarehe, zilizopigwa kutoka mahali pamoja, dohani yenye mita 153 ikiwa ndiyo rula yake. Mimi mwenyewe nimewapiga picha maharusi wengi pale, na leo picha zile za ndoa zina faida ambayo maharusi hawakuilipia.

Kuhusu ufundi nitasema machache, maana vijana wanajua kamera zao. Wasipige Septemba, wakati moshi wa vichaka vinavyochomwa umefunika kila kitu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa kali, hewa huwa safi na kuta za matofali huonyesha kila mstari. Ndani ya karakana wasitumie flashi ya mbele, inayofuta kina cha mahali. Waweke kamera kwenye miguu mitatu na wavumilie. Chuma cheusi huidanganya kamera, ikadhani pana giza na ikaupausha weusi wote, kwa hiyo wapunguze mwanga kidogo. Wakishamaliza uzuri, wapige pia vile visivyo vizuri: swichi, ubao wa zamu, mahali pa kunawia, kiti cha msimamizi, alama za chaki ukutani. Na kila picha ipate jina la mahali, tarehe, kazi iliyofanyika pale na jina la aliyeeleza, kama mwenyewe anakubali.

Ninawashauri hivyo kwa sababu mimi sikufanya. Kabla sijafungua studio, baba alinipeleka siku moja karakanani, nami nikatumia filamu nzima kwa fahari ya kuwa na kamera. Filamu hiyo bado ninayo. Katika picha moja wanaume watatu wamesimama kando ya kichwa cha treni cha mvuke, wa kushoto ni baba yangu, mkono wake umelala juu ya fito inayounganisha magurudumu kama vile mtu anavyomgusa ng'ombe wake. Wa katikati ni mrefu, ana kofia na kitambaa shingoni, naye ameficha kwa bega lake tarakimu za mwisho za namba ya kichwa kile. Wa kulia anacheka, amekosa kidole kimoja cha mkono wa kulia, na ameshika chombo kirefu chenye ncha iliyopinda ambacho wazee wawili niliowauliza wamekitaja kwa majina mawili tofauti. Baba hayupo tena wa kuniambia, na wakati alipokuwepo sikuuliza, kwa kuwa niliona picha imetoka vizuri. Nitaacha nakala kubwa kwenye meza ya gazeti lako juma hili, ukiniruhusu, Bwana Mhariri. Ikiwa yuko mzee wa Njanja, au mjane, au mtoto wa mmoja wa watu hawa wawili, naomba apite aitazame, aniandikie majina nyuma yake kwa kalamu ya risasi.

Wako mtiifu,

Mpiga picha mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi